Patterson wa Tsavo, mzungu aliyeshtuliwa na bundi

Kama wewe ni kama mimi, mtu wa kuangalia filamu ya kutisha kupitia katikati ya vidole, kuna kitu ushagundua. Damu si shida. Damu tunazoea. Kinachotumaliza ni ile dakika kabla ya damu, muziki umezimwa, mlango uko wazi kidogo na hakuna anayeongea. Kuna jamaa alijifunza hiyo dakika hapa hapa Kenya mwaka wa 1898, wakati sinema yenyewe ilikuwa na miaka mitatu tu huko Ufaransa. Aliitwa John Henry Patterson.

Alizaliwa Ireland mwaka wa 1867, akaingia jeshi la Uingereza akiwa na miaka 17, akafanya kazi India, na Machi 1898 akatumwa Tsavo kujenga daraja la ile reli iliyotoka Mombasa ikielekea Uganda. Kazi ya daraja tu, bana. Siku chache baadaye wafanyakazi wake wakaanza kupotea usiku.

Simba madume wawili, wasio na manyoya ya shingo kama wale wa kalenda, walikuwa wanaingia kwenye mahema na kuburuta watu nje. Ungan Singh, jemadari Mkalasinga mwenye nguvu zake, alinyakuliwa shingoni wenzake wakiwa wamelala kando yake. Asubuhi Patterson alifuata alama kwenye mchanga hadi akapata mabaki. Usiku huo akapanda mti karibu na lile hema, bunduki mkononi. Akasikia ngurumo zikija, zikija, kisha zikakatika. Akangoja. Kelele za watu zikalipuka kutoka kambi nyingine kama nusu maili hivi. Wageni walikuwa wamebadilisha mlango.

Hapo ndipo pa kutisha, kwa maoni yangu. Simba akinguruma unajua aliko. Akinyamaza, ameanza kazi. Wafanyakazi walikuja kulijua hilo, na kimya kikiingia walikuwa wanapaziana sauti kutoka kambi hadi kambi wakionyana kwamba shetani anakuja. Wengi hawakuamini tena kwamba ni wanyama. Desemba wakachoka: mamia wakasimamisha treni, wakajirusha juu ya mabehewa na kuhepa kurudi pwani. Daraja likakaa wiki tatu bila kuguswa. Mimi siwalaumu hata kidogo, hata mkataba haungenizuia.

Tarehe 9 Desemba Patterson alikaa juu ya jukwaa la miti lililokuwa linayumbayumba, kama futi 12 kutoka chini, na mzoga wa punda ukiwa chambo. Simba akaja, lakini punda hakumtaka. Akaanza kumzunguka Patterson mwenyewe gizani, karibu saa mbili nzima, na mtu hana hata ukuta wa kuegemea. Halafu kitu kikamgonga kisogoni, pap! Nusura aanguke. Alidhani simba amemrukia kutoka nyuma. Kumbe bundi, alimwona kama tawi akataka kutua. Simba chini akajibu kwa kunguruma.

Nyinyi mnaojua kwetu bundi akilia juu ya paa watu hulala macho, hebu fikiria kutuliwa na mmoja kichwani saa kama hiyo. Waongozaji wa filamu wanalipwa pesa nyingi kupanga kitu kama hicho: unavuta, unavuta, kisha unamshtua mtu na kitu kisicho na madhara. Usiku huo huo Patterson alimpiga simba wa kwanza. Wa pili alianguka Desemba 29, baada ya risasi nyingi.

Hollywood ilikuja baadaye. Mwaka wa 1952 kisa hicho kilizaa Bwana Devil, filamu ya 3D ya rangi, watu wakivaa miwani ili simba aonekane akiwarukia. Mwaka wa 1996 ikaja The Ghost and the Darkness, Val Kilmer akiwa Patterson. Waliipigia Afrika Kusini na simba wake wana manyoya ya shingo, lakini tuzo ya Oscar iliyopata ilikuwa ya uhariri wa sauti. Sauti, si meno! Ndiyo maana filamu ya kutisha ikiwekwa kwenye kibanda cha video huku Embu, DJ Afro akiongea juu yake na watu wakitafuna muguka, hakuna anayeogopa. Kimya chote kimejazwa maneno. Iangalie usiku kwa simu, waya masikioni, stima imepotea Majengo yote, halafu tuongee.

Patterson aliandika kitabu chake mwaka wa 1907, akawa mkuu wa wanyamapori hapa, kisha akarudi Uingereza na minong'ono baada ya mzungu mwenzake kufa kwa risasi wakiwa safarini. Vita Vikuu vya kwanza aliongoza wanajeshi Wayahudi. Ndiyo maana mtoto mmoja aliyezaliwa 1946 alipewa jina lake: Yonatan Netanyahu, yule aliyeuawa Entebbe mwaka wa 1976. Patterson alikufa California mwaka wa 1947.

Ngozi za simba alizitumia kama mazulia miaka 25 hivi, akaziuza mwaka wa 1924 kwa dola 5,000 kwa jumba la makumbusho la Chicago, ambako bado wako ndani ya kioo. Baadaye alidai waliua watu 135. Watafiti waliopima manyoya na mifupa yao walikadiria, mwaka wa 2009, kwamba walikula kama 35. Kwenye kitabu aliwahesabu Wahindi 28. Waafrika waliochukuliwa ni wengi pia, lakini hakuna aliyeweka rekodi yao.

Daraja lilikamilika Februari 1899, treni ikavuka.