Carl Akeley, mutu mwenye alizikwa juu ya Mikeno

Wasomaji wetu wenye munashuka shimoni munajua ile betoni yenye wanarusha ku ukuta wa mwamba ili mawe yasianguke. Simenti na mchanga vinapita vikavu ndani ya mpira, hewa ya nguvu inavisukuma, maji yanaingia ku mdomo wa mpira, na palepale mchanganyiko ule unashika mwamba. Kazi hiyo imeokoa wachimbaji wengi katika dunia. Lakini ni wachache wanaojua kwamba mutu mwenye alitengeneza mashine ya kwanza ya namna ile amezikwa hapa kwetu, mu teritwari ya Rutshuru, kati ya mlima Mikeno na mlima Karisimbi. Jina lake ni Carl Akeley. Hakuwa mchimbaji, wala hakuwa mwashi. Leo tunasimulia maisha yake juu yanaonyesha wazi namna umri unageuza mutu, na namna nyumba yake inalipa bei ya mageuzi hayo.

Akeley alizaliwa tarehe 19 Mei 1864 ku Clarendon, jimbo la New York, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Yeye hakupenda jembe. Alipenda wanyama, na tangu utoto alijifundisha kutengeneza ngozi za ndege waliokufa ili waonekane sawa wazima. Akiwa na miaka 19 aliacha shamba la baba yake, akaenda mu mji wa Rochester, kwenye karakana ya Ward, ambapo walitengeneza wanyama kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Walimlipa dola 3 na nusu kwa juma. Siku zile walijaza ngozi na majani makavu, sawa mutu anavyojaza godoro, na mnyama alitoka amevimba bila umbo. Kijana Akeley alichukia kazi ya namna hiyo. Mwaka wa 1885 tembo Jumbo, mwenye alijulikana katika dunia nzima, aligongwa na treni huko Kanada, na Akeley alikuwa kati ya watu wenye walimtengeneza.

Kisha alihamia Milwaukee, na mwaka wa 1896 Chicago. Huo njo ulikuwa ujana wake: mikono, udongo, ngozi, usiku na mchana. Alivumbua njia mpya: kwanza anaumba mwili wa mnyama na udongo, kila msuli ku nafasi yake, kisha anavalisha ngozi juu. Mwaka ule ule wa 1896 alifika Afrika mara ya kwanza, mu nchi ya Wasomali. Huko chui alimrukia, na yeye akamuua na mikono mitupu kwa kumkaba. Kijana mwenye nguvu namna hiyo anafikiri mwili wake hautaisha siku hata moja. Wengi wetu tumepita ku umri ule, tunajua.

Mwaka wa 1902 alioa Delia. Bibi huyo hakukaa nyumbani akingojea bwana arudi. Alitengeneza naye maelfu ya majani ya nta, moja moja, ili wanyama wa makumbusho wasimame mu pori lenye kufanana na pori la kweli. Ni katika miaka ile, mwaka wa 1907, njo mashine ya simenti ilizaliwa: ukuta wa nje wa jumba la makumbusho la Chicago ulikuwa unabambuka, wakatafuta njia ya kuutengeneza, na Akeley akatengeneza mashine ya kurusha simenti. Wala migodi haikuchelewa kuona faida yake.

Mwaka wa 1905 Delia na Carl walienda Kenya pamoja kuwinda tembo kwa ajili ya makumbusho. Walirudi tena mwaka wa 1909, wakati Carl alikuwa amekwisha kuingia mu kazi ya makumbusho makubwa ya New York. Mwaka wa 1910, ku mlima Kenya, tembo alimshika Akeley, akamkandamiza chini, akamvunja mbavu na kumpasua uso. Watu wenye walikuwa naye waliona amekufa. Habari ilimfikia Delia kambini. Hakulia akangojea asubuhi: alikusanya watu, akapita porini, akamkuta bwana yake bado anapumua, na akamuuguza. Miezi ile ya kulala kitandani ilimletea Akeley wazo la jumba moja kubwa la kuonyesha wanyama wa Afrika nzima. Wazo lile likamfunga mpaka kufa.

Hapa njo nyumba ilianza kupasuka. Mtoto hawakupata. Kutoka Kenya Delia alikuwa ameleta tumbili mmoja mdogo, akamlea miaka mingi mu nyumba yao ya New York, hata wakati tumbili yule alimuuma mguu vibaya sana. Carl naye alikuwa karakanani: mara ngozi za tembo, mara mashine mpya ya kupiga sinema, mara kazi za jeshi wakati wa vita ya 1914-1918. Wawili wenye waliokoana porini walishindwa kukaa pamoja mezani. Mwaka wa 1923 waliachana. Hatumhukumu mutu. Tunaona tu kwamba umri wa utu uzima, wenye kumpa mutu jina na mshahara, njo umri wenye unaweza kumuibia nyumba bila yeye kusikia mlango ukifungwa.

Katikati ya mambo hayo, mwaka wa 1921, Akeley alifika kwetu. Alikuwa na miaka 57. Alikuja na familia moja ya Wamarekani, pamoja na mtoto wao msichana wa miaka 6. Walishuka Cape Town, wakapanda kupitia Katanga, kisha maziwa, mpaka Kivu. Mapadri Weupe wa Lulenga waliwapokea, na watu wa vijiji vya chini ya Mikeno walibeba mizigo na kufungua njia. Alitafuta gorila, wenye wengi hapa wanaita ngagi. Wakati ule Wazungu waliamini kwamba ngagi ni jitu baya lenye kutafuta damu ya watu.

Aliua wachache kwa ajili ya makumbusho, na wengine aliwapiga sinema wakiwa porini. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Lakini mbele ya dume mmoja mkubwa mwenye alikuwa amelala chini amekufa, Akeley alitazama ule uso, na ilibaki kidogo ajione muuaji. Kijana wa 1896 angefurahi tu. Mzee wa 1921 aliona baba wa jamaa. Alirudi kwao akaandika, akasema na wakubwa, akaomba Ubelgiji ifunge milima ile kwa bunduki. Mfalme Albert, mwenye alikuwa ametembelea parke za Marekani mwaka wa 1919, alisikiliza. Tarehe 21 Aprili 1925 amri ilitoka: Parke Albert, parke ya taifa ya kwanza katika Afrika. Tangu mwaka wa 1969 tunaiita Virunga.

Mwaka wa 1924 Akeley alikuwa ameoa mara ya pili. Mary Jobe alikuwa mwalimu na mpanda milima. Mwaka wa 1926 walikuja pamoja, na mtaalamu wa Ubelgiji, Jean-Marie Derscheid. Akeley alikuwa tayari ameugua njiani, lakini hakukubali kurudi. Mwili wenye ulishinda chui na tembo ulichoka. Tarehe 17 Novemba 1926 alikufa Kabara, mu baridi ya Mikeno, akiwa na miaka 62. Walimzika palepale. Mary hakushuka: alibaki juu, akamaliza kazi ya ramani, picha na mimea pamoja na Derscheid. Jumba la New York lilifunguliwa mwaka wa 1936, miaka 10 baada ya mwenye kuliota kufa. Delia naye, baada ya kuachana, alisafiri bila bwana kutoka pwani ya Kenya mpaka mdomo wa mto Kongo, akakaa na Wambuti wa Ituri. Umri wake mpya ulimfungulia njia yake mwenyewe.

Tuseme pia upande wetu. Parke ilipopanuliwa, familia nyingi za wakulima zilipoteza mashamba, na mabishano juu ya mipaka hayajaisha mpaka leo. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa mu kazi ya kuilinda, na kila mmoja aliacha nyumba. Kaburi la Akeley lenyewe liliharibiwa na wezi. Pamoja na hayo yote, ngagi wa milima wa Kongo, Rwanda na Uganda leo wanapita 1,000.

Tunawaandikia watu wa mgodi na familia zao habari hii kwa sababu moja. Kijana anaingia shimoni na nguvu, anafikiri nguvu ile njo yeye mwenyewe. Miaka inapita, anapata bibi, watoto, jina. Kisha mgongo unaanza kusema. Kila umri unaleta mutu mwingine ndani ya ngozi ileile, na watu wa nyumbani wanapaswa kumjua yule mpya, naye pia awajue wao, maana hata wao wamegeuka. Akeley hakufanya hivyo na Delia, na akapoteza nyumba. Lakini ku miaka 57, wakati wengi wanasema njia imekwisha, alikubali kugeuzwa na kitu chenye aliona na macho yake. Asubuhi yenye mawingu yanafunguka na Mikeno inaonekana toka Rutshuru na Goma, mwenye anafikiri amechelewa kujirekebisha na wake wa nyumbani aangalie mlima ule, kisha arudi nyumbani waongee.