Fenner Brockway: Mtetezi wa Kenya aliyebwagwa kwa kura 11

KATIKA uchaguzi mkuu wa Uingereza uliofanyika Oktoba 15, 1964, chama cha Leba kilirejea mamlakani baada ya kukaa katika upinzani kwa miaka 13. Hata hivyo, katika eneobunge la Eton and Slough, magharibi mwa jiji la London, wafuasi wa chama hicho walirudi nyumbani wakiwa wameinamisha vichwa. Mbunge wao wa miaka 14, Fenner Brockway, alikuwa amebwagwa kwa kura 11 pekee.

Kwa waliopigania uhuru wa Kenya, jina hilo halikuwa geni. Miaka ambayo Mwafrika hakuwa na kura, Brockway alikitumia kiti alichopewa na wapigakura wa Uingereza kuwasemea watu wasioweza kumpigia kura hata moja.

Alizaliwa Novemba 1, 1888 mjini Calcutta, India, ambako wazazi wake walikuwa wamishonari. Aliingilia uandishi wa habari akiwa kijana, na kufikia 1912 alikuwa mhariri wa gazeti la Labour Leader. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mnamo 1914, alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha waliokataa kulazimishwa kuingia jeshini. Msimamo huo ulimtia gerezani, na hakuachiliwa hadi 1919.

Njia yake ya kuingia Bungeni haikuwa laini. Alishinda kiti cha Leyton East mnamo 1929, akakipoteza miaka miwili baadaye. Kwa miaka 19 iliyofuata alikaa nje ya Bunge, akiwania viti mbalimbali kwa tiketi ya chama kidogo cha Independent Labour na kushindwa kila mara. Baada ya Vita Vikuu vya Pili alirejea katika chama cha Leba, na mnamo Februari 1950 akachaguliwa kuwakilisha Eton and Slough.

Eneobunge hilo lililobuniwa 1945 liliunganisha mbingu na ardhi. Upande mmoja ulikuwa mji mdogo wa Eton, wenye shule maarufu ya wana wa matajiri iliyoanzishwa 1440. Upande wa pili ulikuwa Slough, mji wa viwanda na wafanyakazi. Mbunge wake wa kwanza alikuwa Benn Levy, mwandishi wa tamthilia, aliyewania kwa tiketi ya Leba. Baadaye wahamiaji kutoka India, Pakistan na visiwa vya Karibi walifika Slough kutafuta kazi, na sura ya mji ikaanza kubadilika.

Mwaka ule ule aliochaguliwa, Brockway alizuru Kenya na kupokelewa nyumbani kwa Chifu Koinange huko Kiambu. Alirejea mwishoni mwa 1952 pamoja na mbunge mwenzake, Leslie Hale, baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari na kumkamata Jomo Kenyatta. Walowezi hawakupendezwa hata kidogo na ziara hiyo. Mnamo 1954 Brockway alishiriki kuanzisha vuguvugu la kutetea uhuru wa makoloni, akawa mwenyekiti wake.

Ikumbukwe kwamba Waafrika wa Kenya hawakuwachagua wawakilishi wao wenyewe katika Baraza la Kutunga Sheria hadi Machi 1957. Kabla ya hapo, swali lililoulizwa na mbunge mmoja jijini London lilikuwa na uzito mkubwa, kwani waziri wa makoloni alilazimika kulijibu hadharani.

Brockway hakuwasahau wanyonge wa nyumbani pia. Kuanzia 1956 aliwasilisha Bungeni mara tisa mswada wa kuharamisha ubaguzi wa rangi, na mara zote tisa ukagonga mwamba.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Brockway alicheza kwao na ugenini, lakini tuzo ya nyumbani ilizidi kupungua. Katika uchaguzi wa 1959 aliponea kwa tofauti ya kura 88. Kufikia 1964, uhamiaji ulikuwa umegeuka kuwa suala la kuwindia kura, na wengi waliona kwamba msimamo wake wa kuwatetea wahamiaji ulimponza. Mpinzani wake wa chama cha Conservative, Sir Anthony Meyer, akatwaa kiti. Lau wapigakura sita tu waliomchagua Meyer wangemchagua Brockway, matokeo yangekuwa mengine.

Kenya ilikuwa tayari imepata uhuru, Desemba 12, 1963. Mwishoni mwa 1964 Brockway aliteuliwa kuingia Baraza la Malodi, na katika cheo chake akabeba majina ya Eton na Slough, miji ile ile iliyomwangusha. Mwaka uliofuata, Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya Uingereza dhidi ya ubaguzi wa rangi. Jambo alilolipigania mara tisa lilitimia akiwa hayumo tena miongoni mwa wabunge waliochaguliwa.

Chama cha Leba kilikitwaa tena kiti hicho 1966 kupitia kwa Joan Lestor, aliyekishikilia hadi eneobunge lilipofutwa 1983 mipaka ilipochorwa upya. Brockway alifariki Aprili 28, 1988, miezi michache kabla ya kutimiza miaka 100.

Leo Eton and Slough haimo tena katika orodha ya maeneobunge ya Uingereza. Lakini historia yake inawaachia wapigakura na wabunge wa kila taifa swali zito: je, mbunge ni wa waliomchagua pekee, au pia ni wa wale wasio na mtu wa kuwasemea? Brockway alijibu kwa vitendo, na gharama ya jibu lake ilikuwa kura 11.