Padri Mersenne: orodha yenye makosa matano iliyompa jina la kudumu

Namba tasa iliyotangazwa mwezi wa kumi 2024 kuwa kubwa kuliko zote zilizojulikana ina tarakimu 41 024 320. Namba za aina hiyo zinaitwa kwa jina la padri Mfaransa aliyekufa mwaka 1648: Marin Mersenne.

Alizaliwa tarehe 8 mwezi wa tisa 1588 huko Oizé, magharibi mwa Ufaransa, katika familia isiyo na mali. Alisoma kwa Wayezuiti wa La Flèche, kisha Paris, na mwaka 1611 akaingia shirika la watawa Waminimi. Tangu 1619 makao yake yalikuwa katika konventi ya shirika hilo mjini Paris.

Wakati ule hapakuwa na magazeti ya sayansi. Chumba cha Mersenne kikawa kama posta ya wataalamu: swali la Fermat kutoka Toulouse alilipeleka kwa Descartes aliyekuwa Uholanzi, na jibu akalirudisha. Mwaka 1634, mwaka mmoja tu baada ya mahakama ya Kanisa kumhukumu Galileo huko Roma, padri huyu alichapisha kwa Kifaransa kazi ya Galileo kuhusu mashine.

Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Andika 2 mara tano, zizidishe zote: unapata 32. Toa 1, inabaki 31, nayo ni tasa. Lakini ukiandika 2 mara kumi na moja, ukazizidisha na kutoa 1, unapata 2047, ambayo ni 23 mara 89. Hiyo si tasa.

Je, ni mara ngapi ndipo itoke namba tasa? Mwaka 1644 Mersenne alitoa orodha mpaka mara 257, penye namba ya tarakimu 78. Hakuonyesha uthibitisho, na kwa kalamu peke yake nani angeihakiki?

Alifariki Paris tarehe 1 mwezi wa tisa 1648, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 60. Aliagiza mwili wake upasuliwe, waganga wajifunze.

Orodha iliendelea kuwasumbua wengine. Mwaka 1772 Euler alithibitisha 31. Mwaka 1876 Lucas alithibitisha 127, yenye tarakimu 39, na akaonyesha kwamba 67 si tasa. Mwaka 1903 Mmarekani Cole akatoa vigawanyo vya hiyo 67: 193 707 721 na 761 838 257 287. Hesabu ilifungwa mwaka 1947: Mersenne aliweka mbili zisizo tasa, 67 na 257, akasahau tatu, 61, 89 na 107.

Makosa matano, miaka 303 ya kuyatafuta. Padri aliyezoea kuwapelekea wenzake maswali aliwaachia moja lililomzidi yeye mwenyewe, nao wakalibeba mpaka mwisho.