Mzee Jomo Kenyatta na Ahadi ya Pwani

Ndugu zetu, Mzee Jomo Kenyatta alikuwa mtu wa Gatundu, magharibi ya Thika na kaskazini ya Ruiru. Huko ndiko alikorejea Agosti 1961, baada ya kifungo cha karibu miaka 9.

Mwaka 1963 ukanda wetu wa maili 10 ulikuwa bado milki ya Sultani wa Zanzibar. Kenyatta hakuutwaa kwa nguvu. Aliandikiana barua na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, akaahidi uhuru wa dini, hukumu za Makadhi, na Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu. Oktoba mwaka huo Sultani akaridhia.

Mzee alifariki Mombasa, 22 Agosti 1978. Makadhi wamo katika Katiba hata leo. Kiarabu hakimo, kilisalia baruani. Basi tuzingatie: ahadi isiyotiwa katika sheria huwategemea watu, na watu hupita.