Ponzi: Aliyewalipa wateja wa jana kwa fedha za wateja wa leo

Mfanyabiashara wa Namanga au Busia anajua kuwa bidhaa moja inaweza kuwa na bei mbili, huku na ng'ambo ya mpaka. Charles Ponzi alijipatia jina kwa ukweli huo mdogo, kisha akautumia kuwafilisi watu.

Alizaliwa Lugo, Italia, mwaka 1882, akafika Boston, Marekani, mwaka 1903. Kabla ya kutajirika alifungwa mara mbili: Montreal kwa kughushi hundi, kisha Atlanta kwa kuwavusha Waitalia wenzake mpakani kinyume cha sheria.

Mwaka 1919 alipokea barua kutoka Hispania ikiwa na kuponi ya posta ya kimataifa, ambayo hubadilishwa kwa stempu katika nchi nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, fedha za Ulaya zilishuka thamani lakini bei ya kuponi ilibaki palepale. Ukinunua Italia na kubadilisha Marekani, faida ilionekana.

Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Waliotangulia walilipwa kwa wakati, wakawaita ndugu na majirani. Maelfu walimiminika ofisini kwake School Street, wengine wakiwa wameweka nyumba zao rehani.

Kuponi zenyewe karibu hakununua. Faida ya waliotangulia ilitoka mifukoni mwa waliofuata, na kila malipo yaliongeza shimo ambalo wateja hawakuonyeshwa.

Julai 1920 gazeti la Boston Post lilianza kuhoji. Mchambuzi wa fedha Clarence Barron alipiga hesabu: biashara ile ingehitaji kuponi milioni 160, ilhali zilizokuwa kwenye mzunguko ni kama 27,000. Tena Ponzi fedha zake mwenyewe hakuziweka kwenye kuponi. Agosti alikamatwa, akiwa na deni la takriban dola milioni 7. Benki zilianguka, na baada ya miaka ya kesi wadai walirudishiwa chini ya senti 40 kwa kila dola.

Alifukuzwa Marekani mwaka 1934. Alifariki Januari 1949 katika hospitali ya hisani mjini Rio de Janeiro, akiwa fukara.

Anayekuletea faida ya haraka leo, usimuulize amemlipa nani. Muulize mzigo uko wapi, na nani ameuona.