George Macdonald

George Macdonald (Sheffield, Uingereza, 1903 – 1967) alikuwa daktari na mtaalamu wa malaria. Anajulikana hasa kwa kutumia hisabati kueleza jinsi malaria inavyoenea kati ya watu na mbu. Aliendeleza kazi iliyoanzishwa na Ronald Ross, na ndiyo sababu hesabu hizo huitwa hadi leo modeli ya Ross-Macdonald. Asichanganywe na mwandishi wa Uskoti wa jina hilohilo aliyefariki mwaka 1905.

Macdonald ni mmoja wa watangulizi wa njia ya kuchunguza magonjwa ya binadamu kama mfumo mzima, ambamo mgonjwa, kimelea, mdudu na hali ya hewa huhesabiwa pamoja. Leo kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta. Katika Afrika ya Mashariki mawazo yake yanahusiana na jaribio kubwa la kuzuia malaria lililofanyika Upare na Taveta, chini ya mlima Kilimanjaro, katika miaka ya 1950.

Maisha

Macdonald alikuwa mtoto wa John Smyth Macdonald, profesa wa fiziolojia. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Liverpool. Mji huo wa bandari ulifanya biashara nyingi na Afrika ya Magharibi, na tangu mwaka 1898 ulikuwa na shule ya tiba ya kitropiki.

Mwaka 1925 alikwenda Freetown, Sierra Leone, kufanya utafiti katika maabara ya shule hiyo. Kutoka huko alihamia Uhindi, akafanya kazi katika idara ya serikali ya uchunguzi wa malaria, halafu akawa daktari wa mashamba ya chai huko Assam. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitumikia jeshi la Uingereza kama mtaalamu wa malaria. Baada ya vita aliongoza Taasisi ya Ross, iliyokuwa sehemu ya Shule ya Usafi na Tiba ya Kitropiki ya London, naye akawa profesa huko. Kitabu chake kikuu, kuhusu uenezaji na udhibiti wa malaria, kilitolewa mwaka 1957. Alifariki mwaka 1967.

Swali lililomwongoza

Katika safari zake Macdonald aliona malaria za namna mbili. Huko Sierra Leone ugonjwa ulikuwepo mwaka hadi mwaka. Watoto wadogo waliugua na wengi walikufa, lakini waliopona walijenga kinga polepole, na wakiwa watu wazima walibeba vimelea bila kuumwa sana. Katika sehemu za Uhindi kaskazini, kama Punjab, hali ilikuwa tofauti. Miaka kadhaa ilipita kwa utulivu, kisha mlipuko mkubwa ulitokea na kuua watu wa kila umri.

Wengi walidhani tofauti hiyo inatokana na wingi wa mbu tu. Macdonald aliona kwamba maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu kulikuwa na mahali penye mbu wengi na malaria kidogo, na mahali penye mbu wachache na malaria nyingi.

Hesabu ya umri wa mbu

Ronald Ross aligundua mwaka 1897 kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Baadaye alionyesha kwa hesabu kwamba si lazima kuua mbu wote ili malaria iishe. Inatosha kuwapunguza hadi chini ya kiwango fulani. Macdonald alirudia hesabu hizo kwa kutumia vipimo vilivyokusanywa nyanjani, na katika makala zake za mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitambua jambo ambalo Ross hakulitilia mkazo, yaani umri wa mbu.

Mbu jike wa jenasi Anopheles akimwuma mgonjwa hawezi kuambukiza mtu mwingine siku hiyohiyo. Vimelea vinahitaji siku kadhaa kukua tumboni mwake na kufika kwenye tezi za mate. Katika joto la nyuzi 26 muda huo kwa kimelea hatari zaidi, Plasmodium falciparum, ni takriban siku 11. Mbu anayekufa kabla ya hapo hana madhara, hata kama ameuma wagonjwa wengi.

Tuseme kila siku mbu 90 kati ya 100 wanabaki hai. Baada ya siku 11 watabaki 31 hivi. Wakibaki hai 80 tu kati ya 100 kila siku, baada ya siku 11 watabaki 9 hivi. Wakibaki hai nusu kila siku, atakayefikia umri huo ni chini ya mmoja kati ya 1,000. Kwa hiyo badiliko dogo katika maisha ya mbu huleta badiliko kubwa sana katika uambukizaji. Kuharibu mazalio kwa kiasi cha kupunguza idadi ya mbu kwa nusu hupunguza uambukizaji kwa nusu tu.

Jambo la pili ni tabia ya kuuma. Ili kueneza malaria mbu lazima aume watu mara mbili: mara ya kwanza ili aambukizwe, mara ya pili ili aambukize. Kwa hiyo mbu anayegawa milo yake sawasawa kati ya watu na ng'ombe ana robo tu ya nguvu ya mbu anayeuma watu peke yao.

Macdonald aliunganisha mambo hayo katika namba moja aliyoiita kiwango cha msingi cha uzalishaji. Namba hiyo inaonyesha ni wagonjwa wangapi wapya wanaotokana na mgonjwa mmoja katika jamii isiyo na kinga. Ikiwa zaidi ya 1 ugonjwa unaenea. Ikiwa chini ya 1 unaisha wenyewe. Wazo hilo hutumiwa sasa kwa magonjwa mengi ya kuambukiza.

Hesabu hizo zilijibu pia swali lake la kwanza. Mbu wa Afrika, hasa Anopheles gambiae na Anopheles funestus, huishi muda mrefu na hupenda damu ya watu. Kwa sababu hiyo malaria ya Afrika ni imara na haitetereki kwa urahisi. Mbu wa Uhindi kaskazini huuma zaidi wanyama, kwa hiyo malaria ya huko hupanda na kushuka.

Mabishano ya Kampala

Mwaka 1950 wataalamu wa malaria walikutana Kampala, Uganda. Dawa ya DDT ilikuwa imeleta matumaini makubwa, kwa kuwa mbu anayetua juu ya ukuta uliopuliziwa hufa. Swali lilikuwa kama inafaa kuitumia katika vijiji vya Afrika.

Donald Bagster Wilson, aliyefanya kazi kwa miaka mingi Tanganyika, alihimiza tahadhari pamoja na wenzake kadhaa. Walisema kwamba watu wazima wa Afrika wanalindwa na kinga waliyoipata kwa kuugua utotoni. Dawa ikipuliziwa kwa miaka michache halafu ikasimama, kizazi kisicho na kinga kingekutana na malaria kwa nguvu zote. Macdonald alikuwa upande wa pili. Yeye na wenzake waliona kwamba kinga hiyo inanunuliwa kwa vifo vya watoto wengi, na kwamba si haki kuacha malaria iendelee wakati njia ya kuipunguza ipo. Mkutano uliunga mkono kuanza kwa udhibiti, lakini hofu ya Wilson haikuwa imejibiwa. Ilibaki kujaribu.

Jaribio la Pare-Taveta

Mahali palipochaguliwa ni nchi ya Upare iliyokuwa Tanganyika na eneo jirani la Taveta nchini Kenya, mashariki mwa Moshi, ambako maji yatokayo Kilimanjaro hutiririka tambarare. Kazi iliendeshwa na taasisi ya malaria ya Afrika ya Mashariki iliyokuwa Amani, katika milima ya Usambara, ambayo Wilson mwenyewe aliiongoza.

Uchunguzi ulianza mwaka 1954. Kisha nyumba zilipuliziwa dieldrini, dawa inayodumu ukutani kwa miezi mingi, hadi mwaka 1959. Matokeo yalifuata njia iliyotabiriwa na hesabu. Mbu Anopheles funestus, ambaye hupumzika ndani ya nyumba, alitoweka katika eneo lililopuliziwa. Nafasi yake ilichukuliwa kwa sehemu na ndugu yake, Anopheles rivulorum, ambaye kwa kawaida haumi watu. Anopheles gambiae alipungua sana. Watoto wachanga wenye vimelea wakawa wachache, damu ya watu ikawa na nguvu zaidi, na vifo vya watoto vikapungua. Hata hivyo malaria haikuisha kabisa. Uambukizaji uliendelea kidogokidogo hadi mwisho wa upuliziaji.

Dawa iliposimamishwa watafiti waliendelea kufuatilia hali hadi mwaka 1966. Malaria ilirudi, kwa kuwa mazingira yalikuwa yaleyale na mbu walikuja tena. Lakini ilirudi polepole, na janga lililohofiwa Kampala halikutokea kwa namna ilivyotabiriwa. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli. Macdonald alikuwa sahihi kwamba kufupisha maisha ya mbu kunaokoa watoto. Wilson alikuwa sahihi kwamba dawa pekee haitaimaliza malaria ya Afrika, na kwamba anayeianza kazi hiyo lazima afikirie siku atakapoiacha.

Mlima na joto

Miteremko ya Kilimanjaro inaonyesha sehemu nyingine ya hesabu hizo. Tambarare za Kahe na Arusha Chini zina joto, na tangu zamani zimejulikana kuwa na malaria. Vijiji vya juu vya Wachagga, kwenye mashamba ya migomba na kahawa ya Machame, Kibosho, Marangu au Rombo, vina malaria kidogo, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo inavyozidi kupungua.

Sababu si uhaba wa mbu tu. Katika joto la nyuzi 20 vimelea vya falciparum huhitaji takriban siku 28 kukua ndani ya mbu. Kati ya mbu 100 wanaokufa 10 kwa kila 100 kwa siku, ni 5 hivi watakaofikia umri huo, badala ya 31 katika joto la nyuzi 26. Chini ya nyuzi 16 hivi vimelea havikui kabisa. Kwa hiyo mtu wa mlimani hujenga kinga kidogo, na akishuka tambarare kulima au kufanya kazi anaweza kuugua vikali hata akiwa mtu mzima.

Kichocho na kompyuta

Katika miaka yake ya mwisho Macdonald aligeukia kichocho. Makala yake ya mwaka 1965 ilionyesha kwamba minyoo hii ina sharti la pekee: dume na jike lazima wakutane ndani ya mtu yuleyule. Minyoo wakiwa wachache mno hawakutani, na ugonjwa unaweza kuisha wenyewe. Aliona pia kwamba vyoo peke yake havitoshi, kwa sababu mayai machache yakifika majini yanatosha kuambukiza konokono wengi. Kuwapatia watu maji safi, ili wasiingie katika maji yenye konokono, kuna faida zaidi. Jambo hili linahusu pia Moshi, kwani kichocho cha tumbo kilikuwa tatizo katika mifereji ya shamba la miwa la Arusha Chini.

Wakati huohuo alianza kutumia kompyuta kuiga mwenendo wa malaria katika jamii, ili kuona matokeo ya kila njia ya udhibiti kabla ya kuijaribu. Makala aliyoiandika na wenzake juu ya kazi hiyo ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1968, baada ya kifo chake.

Mipaka ya kazi yake

Hesabu za Macdonald zilitumiwa kuunga mkono mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kutokomeza malaria ulioanza mwaka 1955. Mpango huo ulifaulu katika nchi kadhaa, lakini sehemu kubwa ya Afrika kusini kwa Sahara haikuingizwa, na mwaka 1969 lengo la kutokomeza liliachwa kwa wakati huo.

Modeli yake ilichukulia kwamba mbu wote wana tabia moja na watu wote huumwa sawa. Kwa kweli mbu wengine hupumzika nje ya nyumba na hawagusi ukuta wenye dawa, na katika kijiji kimoja nyumba chache zinaweza kupata mbu wengi kuliko nyingine zote. Pia hakueleza vizuri kinga ya mwili. Watafiti waliomfuata waliongeza mambo hayo, kwa mfano katika mradi wa Garki nchini Nigeria katika miaka ya 1970.

Urithi

Kanuni yake kwamba wingi wa mbu si kipimo kamili cha malaria ilionekana tena karibu na Moshi. Mradi wa umwagiliaji wa mpunga ulioanzishwa katika miaka ya 1980 kusini mwa mji, katika vijiji kama Mabogini na Chekereni, uliongeza mbu sana. Hata hivyo watafiti walikuta malaria kidogo huko kuliko katika kijiji jirani kisicho na umwagiliaji. Mbu waliozaliwa mashambani wengi walikuwa Anopheles arabiensis, ambaye huuma pia ng'ombe, na wakulima wa mpunga walikuwa na kipato cha kununua vyandarua na dawa.

Chandarua chenye dawa kinafuata hesabu ileile: kinamzuia mbu asiume mtu na kinafupisha maisha yake. Modeli za kompyuta zinazotumiwa sasa kupanga udhibiti wa malaria zina mambo mengi ambayo Macdonald hakuyajua, lakini ndani yake bado mna hesabu ya umri wa mbu.