Julia Child: Aliingia darasa la upishi akiwa na miaka 37, akaja kuwa mwalimu wa Marekani nzima

Kama umehama kwenu juzi, uko kwenye bedsita yako na meko ya kilo 6, sufuria mbili na kikaango kimoja, na kila jioni unaishia kibandani kwa sababu wali wako hugeuka uji, kuna mama mmoja unafaa kumjua. Aliitwa Julia Child. Leo anatajwa kati ya wapishi maarufu zaidi waliowahi kutokea Marekani. Lakini alipokuwa na umri wako, hata yeye hakuwa akijua kupika.

Julia alizaliwa Pasadena, jimbo la California, Agosti 15, 1912. Familia yake ilikuwa na pesa, na mpishi wa kuajiriwa ndiye aliyeshika jikoni. Kazi ya Julia ilikuwa kukaa mezani na kula. Alikua akawa mrefu kweli, karibu sentimita 188, akasoma chuo cha Smith hadi 1934, kisha akaandika matangazo ya duka la samani jijini New York. Vita vya Pili vya Dunia vilipochacha, aliingia OSS, idara ya ujasusi ya Marekani ya wakati huo. Alitumwa Ceylon, nchi tunayoiita Sri Lanka siku hizi, halafu China, akisimamia mafaili ya siri.

Huko ndiko alikutana na Paul Child, mwanamume aliyependa chakula kizuri na aliyekijua. Walioana 1946. Hapo Julia akaamua kumpikia mzee. Ebu fikiria, chakula cha kwanza alichojaribu kilikuwa ubongo uliochemshwa kwa mvinyo mwekundu! Hakikutazamika, na hakikulika vizuri. Kosa lake unalijua, maana hata wewe pengine umelifanya: alianza na pilau ya harusi kabla hajajua kuchemsha maji.

Novemba 1948, Paul alipata kazi katika ubalozi wa Marekani jijini Paris. Walishuka melini Le Havre, wakaendesha gari, na njiani wakasimama mji wa Rouen kula chamcha katika mkahawa wa La Couronne. Julia aliletewa samaki aina ya sole aliyekaangwa kwa siagi. Samaki, siagi, ndimu na majani ya parsley, basi. Alikuwa na miaka 36, na hakuwa amewahi kuonja kitu kama hicho. Mlo huo ndio uliomfanya atake kujua yanayofanyika jikoni.

Oktoba 1949 alijiunga na shule ya upishi ya Le Cordon Bleu. Darasa la kwanza aliloingizwa lilikuwa jepesi mno kwake, akaomba kuhamishwa. Akatupwa kwenye chumba cha chini ya jengo pamoja na wanaume kumi na moja hivi, wote wanajeshi wa zamani wa Marekani waliotaka kuwa wapishi. Kwa hivyo ndugu yangu unayesema jikoni ni pa wasichana, darasa hilo lilijaa askari, na mwalimu wao, Max Bugnard, alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu aliyepika maisha yake yote.

Siku moja Bugnard alitaka kuona nani anajua kupika mayai ya kuvuruga. Julia akajitokeza mbio. Si ni mayai tu? Akayapiga na krimu hadi yakatoa povu, akawasha moto mkali. Mzee akamsimamisha. Akachukua mayai, akayachanganya polepole, akapaka siagi kwenye kikaango, akayamwaga juu ya moto mdogo, akatulia. Kwa dakika tatu hivi hakuna kilichotokea. Halafu yakaanza kushikana. Akayakoroga kwa uma huku akikiondoa kikaango motoni na kukirudisha, na mwisho akaongeza krimu kidogo ili yasiendelee kuiva. Yakatoka laini. Jaribu hivyo kesho asubuhi. Kama huna krimu, kijiko cha siagi kinatosha. Mayai yako huwa makavu kama raba kwa sababu ya moto na haraka.

Tangu hapo Julia akawa mtu wa ratiba kali. Asubuhi mapema alikuwa darasani, saa sita alikimbia nyumbani kumpikia Paul kile alichojifunza, alasiri alirudi shuleni kutazama walimu wakipika. Sokoni alijifunza Kifaransa kwa wauza mboga, kama wewe unavyoweza kumuuliza mama mboga wako ndizi zipi ni za kupika na nyanya zipi zitadumu wiki.

Halafu akaanguka mtihani. Ilikuwa 1951. Alikuwa amejiandaa kwa vyakula vigumu, kumbe akaulizwa vile vyepesi vya kijitabu cha wanaoanza, ambavyo hakuwa amevikariri. Alikasirika vibaya sana. Akashuka jikoni mwa shule, akavipika vyote, akavila. Aliporudia mtihani, akapita.

Baadaye, pamoja na Wafaransa wawili, Simone Beck na Louisette Bertholle, alianza kufundisha upishi na kuandika kitabu cha mapishi ya Kifaransa kwa Wamarekani. Kazi hiyo ilichukua karibu miaka kumi, huku kazi ya Paul ikiwahamisha hadi Marseille, Ujerumani na Norway. Kila pishi lilijaribiwa tena na tena. Mayonezi yake ilipokataa kushikana majira ya baridi, alitengeneza nyingine na nyingine hadi wakashindwa kuila, akawa anaimwaga chooni. Jibu lilikuwa dogo: baridi ndiyo iliyoiharibu, na bakuli lilifaa kupashwa moto kwanza. Hakusema hana mkono wa kupika. Alitafuta sababu.

Mchapishaji wa kwanza alikikataa kitabu kwa kuwa kikubwa mno. Kampuni ya Knopf ikakitoa 1961, kikiwa na kurasa zaidi ya 700. Julia alikuwa na miaka 49. Mwaka uliofuata alialikwa kwenye kipindi cha vitabu katika runinga ya WGBH, Boston, akabeba jiko dogo na mayai, akapika omleti hewani. Watazamaji wakaandika barua kuomba zaidi. Februari 1963, kipindi chake, The French Chef, kikaanza.

Kwenye kipindi kimoja alijaribu kugeuza viazi kikaangoni kwa kuvirusha kama chapati. Vikamwagika. Akaviokota juu ya jiko, akavirudisha, akawakumbusha watu kwamba jikoni uko peke yako na hakuna anayekuona. Pia aliamini kwamba mpishi hafai kuomba radhi mezani. Ukishaanza kuomboleza ati chumvi imezidi, wageni wataacha kula na kuanza kuitafuta hiyo chumvi.

Wala hakuacha kujaribu baada ya umaarufu. Kwa ajili ya kitabu cha pili, cha 1970, yeye na Paul walihangaika karibu miaka miwili na zaidi ya kilo 120 za unga, wakitafuta namna ya kuoka mkate wa Kifaransa katika oveni ya kawaida ya nyumbani.

Julia alifariki Agosti 13, 2004, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 92. Jikoni kwake, pamoja na meza ambazo Paul aliziinua ili zilingane na urefu wake, palihamishiwa makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Wewe huhitaji Paris. Chagua kitu kimoja wiki hii, wali au mayai, ukipike mara tano. Kikiharibika, jiulize: moto ulikuwa mkali? Maji yalizidi? Nilifunua sufuria mapema? Badilisha jambo moja tu kila mara, ndipo utajua lipi lilikuwa likikuangusha. Na rafiki zako wakija Jumamosi, pakua, uketi nao, mle.